Kibendera cha Kinyozi

4 Februari

Mwanangu Kijiti,

Salamu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni ankara ya maji. Hatujambo sote. Mashine ya kusaga inasaga. Mkanda ulikatika juzi, nimefunga mwingine. Mume wangu mzima, yuko barazani na baiskeli za watu, anaziba pancha na kunyamaza, ndizo kazi zake mbili. Baba yako alipita hapa, kanenepa, usimwambie nimesema. Picha yako uliyoahidi haijafika. Nadhani imepotea njiani, pole yake.

Sasa keti. Nimefungiwa kuingia uwanjani.

Unajua mimi ndiye mlezi wa timu ya mtaa wetu. Jezi nafua mimi, machungwa nakata mimi, na siku ya mechi nakaa nyuma ya goli letu ili vijana wanisikie. Jumapili tulicheza na timu ya stendi. Mchezaji wao akarusha mpira kwa mikono kutoka pembeni, mrefu, ukamkuta mwenzake amesimama peke yake na kipa wetu, hakuna beki hata wa dawa. Akafunga. Mimi nikamtazama mshika kibendera, yule kinyozi mwembamba wa karibu na posta. Kibendera kiko chini! Nikamwambia kwa upole, najua hutaamini, lakini kwa upole, “Wewe, inua hicho kitambaa, ni ofsaidi!” Hakuinua. Basi nikavuka mstari, nikamnyang’anya, nikainua mwenyewe.

Refa kule katikati akaona kibendera kiko juu, akapiga kipenga, akalikataa goli. Tukashangilia! Kisha akatazama vizuri akaona ni nani amekishika. Goli likarudi, na mimi nikatolewa nje na askari wawili.

Chama cha soka cha wilaya kina desturi yake. Anayeingilia kazi ya mwamuzi huchagua: aombe samahani uwanjani kwa kipaza sauti, au asome kozi ya uamuzi mpaka afaulu. Wote walionitangulia waliomba samahani. Mwenyekiti aliniuliza huku anacheka, na wajumbe wake wanacheka. Nikamuuliza, “Kozi inaanza lini?” Kicheko kikakatika.

Niombe samahani kwa kosa gani? Mtu alikuwa peke yake na kipa! Lakini nisipofaulu, sikanyagi uwanjani, na mechi ya kufunga msimu ni mwisho wa Juni. Mwanangu, wewe unajua sikujaliwa kuzaa. Wale vijana kumi na mmoja ndio wananiita mama kila Jumapili. Siwezi kuwasikia kwa redio ya jirani.

Sasa, wewe una cheti cha urefa siku nyingi. Nitumie majibu ya mtihani. Yafunge vizuri, posta wana macho. Na usipige simu. Kwenye mashine siwezi kusikia bila kupiga kelele, na nikipiga kelele mtaa mzima utajua.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea pale stoo ya rangi, juzi ndoo ya bluu ilimwagika na sasa meneja ana viatu vya bluu. Mama mwenye nyumba anakusalimu. Alinisikia nikicheka peke yangu chumbani akaja kugonga kuuliza kama naumwa. Nikamsomea barua yako. Sasa tuliocheka ni wawili.

Msalimie mjomba. Mwambie ile baiskeli aliyonitengenezea bado inatembea.

Majibu sitatuma, Shangazi. Sheria za mpira ni kumi na saba, na mtu aliyekwisha kumfukuza mkaguzi wa mizani kwa maneno matupu hashindwi na sheria kumi na saba. Nakutumia kitabu changu cha zamani. Kisome chote, lakini ile ya kumi na moja, inayohusu kuotea, isome ukiwa umekaa, na isome mpaka chini kabisa. Usiiruke.

Halafu nikuulize kitu kimoja. Umesema yule mchezaji wa stendi alirusha mpira kwa mikono? Una hakika?

Picha nitatuma. Huku mvua inanyesha sana.

Mwanao, Kijiti

10 Machi

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Na mvua yako hiyo imezuia na kamera? Haya.

Ndiyo, kwa mikono, kwani kuna anayerusha kwa masikio? Nilikuwa pale, nina macho mawili na yote yanaona. Usiniulize maswali ya polisi.

Kozi imeanza. Tunasomea darasa la watoto wa shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Nikikaa, magoti yananigusa kidevu. Wanafunzi wengine ni vijana: yupo dereva wa gari la taka, muuguzi mmoja, na ndugu wawili wachomeleaji. Siku ya kwanza niliingia, wote wakasimama wakidhani mimi ni mke wa mkufunzi nimemletea chakula. Nikawaambia kaeni, mimi ni mwenzenu. Muuguzi akaniuliza, “Mama, nini kimekuleta?” Nikamwambia, “Wito.”

Mkufunzi ni refa mstaafu, goti lake moja limekufa lakini jicho lake liko hai. Ametufundisha kwamba kipenga kinasema: faulo ndogo kiseme kidogo, penalti kiseme mpaka waliolala waamke. Zamu yangu ilipofika, nikapuliza. Watoto wa madarasa ya jirani wakatoka wote mbio wakidhani ni mapumziko. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe.

Alfajiri nafanya mazoezi ya mbio. Mume wangu ananifuata kwa baiskeli, maana amesema mbwa wa barabara ya chini hawana heshima. Hasemi kitu, ila nikipunguza mwendo anapiga kengele. Nimenunua na kadi. Mashineni sasa anayeruka foleni anapata ya njano. Mume wangu ana mbili za njano kwa kuacha vikombe chini ya kitanda, kwa hiyo juzi alikula barazani.

Ile sheria ya kumi na moja nimeiruka. Kitu ninachokijua nikisomee nini? Nimefungiwa kwa ajili ya kukijua! Nimesonga mbele kwenye faulo.

Timu imefungwa tena. Wanasema nyuma ya goli pako kimya, kipa hajui aelekee wapi. Sikulala vizuri.

Na wewe mbona husemi habari za mechi zako? Umechezesha wapi hivi karibuni? Nataka kumringia mkufunzi.

Shangazi yako

28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kusikia madarasa yote yanakutii. Mjomba mpe pole ya kadi. Sheria inasema mwenye mbili za njano anatoka nje mpaka mwisho wa mchezo, si mpaka mwisho wa chakula, kwa hiyo ulimwonea huruma.

Ushauri wa mbio: usianze kwa pupa. Vuta pumzi puani. Mtihani ni kukimbia, kutembea, kukimbia, kutembea, na mkufunzi ana saa mkononi. Wengi huanguka hapo.

Kipenga usikipulize kwa nguvu zote za mashine. Acha akiba.

Kuhusu kumi na moja, sisemi neno. Mkufunzi atafika huko mwenyewe. Nakuomba tu siku hiyo ukae karibu na dirisha upate hewa.

Stoo tumepokea rangi ya kijani nyingi kuliko ukuta wa dunia. Mama mwenye nyumba amejifungulia mgahawa mdogo hapa uani, anapika vizuri mno. Huku jua kali sasa.

Mwanao, Kijiti

9 Mei

Kijiti,

Hatujambo. Mashine nzima. Mume wangu mzima. Baba yako mzima.

Utaona nimechelewa kuandika. Nilikuwa na kazi.

Mkufunzi amefundisha sheria ya kumi na moja. Nilihudhuria. Alipofika mwisho wa ukurasa alisoma mara mbili, ya pili ananitazama mimi. Wachomeleaji walitoka nje, nikasikia wanacheka nyuma ya vyoo. Dereva wa gari la taka alijifanya anafunga kamba za viatu, naye amevaa ndala.

Ulijua. Tangu barua ya kwanza ulijua, nyoka wee, ukaniacha niende hivyo hivyo na kifua mbele. Sitaki uniandikie habari hiyo hata kidogo. Ukiandika neno moja juu ya kurusha mpira, barua nitaitia kwenye mashine ikasagwe na mahindi.

Kinyozi bado ananyoa karibu na posta. Siku hizi stempu nanunua kwa yule wa sokoni.

Shangazi yako

20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimetii. Barua hii haina neno hata moja juu ya jambo lile.

Nikueleze tu habari za hapa. Dirishani kwangu watoto wanacheza. Mmoja amesimama pembeni, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, sijui anataka kufanya nini nao. Mwenzake yuko mbele kabisa, peke yake na kipa. Hakuna anayelalamika. Watoto wa siku hizi wamesoma. Basi, hizo ndizo habari za hapa.

Nisikilize sasa bila utani. Kozi si lazima uimalize. Ukiomba samahani Jumapili hii, adhabu imekwisha, unarudi kwenye kiti chako, na vijana wana mechi nne bado. Ni neno moja, Shangazi. Dakika moja ya kipaza sauti, na wewe hata kipaza sauti hukihitaji. Ukisubiri mtihani na ukaanguka, msimu umekwisha na kiti hukioni tena mpaka mwakani. Nakuogopea kwa kweli. Nakujua unavyoipenda timu ile.

Mjomba anasemaje?

Mwanao, Kijiti

30 Juni

Mwanangu Kijiti,

Marahaba sana. Hatujambo. Mashine imepata mkanda mpya wa kiwandani, haulii tena. Baba yako amekuja kukaa wiki nzima, kanenepa zaidi, sasa mwambie nimesema.

Barua yako ya mwisho ilinikasirisha siku mbili. Ya tatu nikamsomea mume wangu, nikamuuliza, unasemaje? Akaziba pancha mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, “Mimi nimekuoa zamani. Hilo neno sijawahi kulisikia. Afadhali ukimbie.” Basi nikakimbia.

Mtihani wa kuandika nilipita. Kwenye swali la kuotea nilijaza ukurasa wote nikaomba karatasi nyingine. Mbio nazo nilipita! Mume wangu alikuwa nje ya uzio na baiskeli, anapiga kengele mpaka wakamwomba aondoke. Dereva wa gari la taka alianguka, muuguzi akamhudumia, wote wawili wakapoteza muda. Mimi mama mzima nikafika nimesimama, nikatapika baadaye, nyuma ya gari, kwa heshima.

Ikabaki mechi ya majaribio. Hapo ndipo pagumu, maana unachezesha kweli, wakufunzi wamekaa na kalamu. Nikapewa vijana wa shule mbili. Nikaambiwa wasaidizi wangu ni wenye vyeti tayari. Wa upande wa kulia akaja kunipa mkono: kinyozi! Nikampa ncha za vidole.

Mchezo ulikwenda vizuri. Nilitoa kadi moja tu, na kila faulo nilikuwa karibu. Karibu na mwisho, winga mmoja akaukimbiza mpira mpaka mstari wa goli, akaurudisha ndani, mwenzake akapiga kichwa, wavu ukatikisika. Nikaona goli safi, nikapiga kipenga, nikaelekeza mkono katikati. Watoto wakaanza kucheza, wanabebana. Watu wamejaa, mtaa wetu wote ulikuwa umekuja kuniona. Nikamtazama kinyozi kwa mazoea tu. Kibendera kiko juu.

Uwanja ukamgeukia. Wakamzomea, wakamwambia maneno ambayo mengine mimi ndiye niliyewafundisha. Hakushusha. Nikamwendea. Akasema, “Mama, mpira ulitoka wote nje ya mstari kabla hajaurudisha. Niliuona.” Na kitambaa bado kiko juu, mwanangu. Na mimi sikuuona. Nilikuwa namtazama mpiga kichwa.

Nikasimama pale. Nilijua nikisema goli ni goli, watu watanishangilia na hakuna wa kunipinga. Nilijua pia nikibadilisha, wale wenye kalamu wataandika kwamba nilikosea, na nikianguka sitawaona wanangu wakifunga msimu. Lakini mpira ulitoka! Sasa nifanyeje, niuingize mimi?

Nikarudi, nikanyoosha mkono kuelekea golini, nikasema, “Nimekosea. Mpira ulishatoka. Goli hakuna.” Nilitaka kusema taratibu. Ikatoka ile sauti ya mashineni. Wanasema ilifika mpaka posta. Mume wangu aligeuka nyuma kutazama nani amesema.

Nimefaulu, Kijiti. Mkufunzi alisema refa asiyekosea hajawahi kumwona, ila anayejirekebisha kabla mchezo haujaanza tena amewaona wachache. Mwenyekiti wa chama akanipa beji, na safari hii hakucheka. Nyumbani mume wangu akanitengea kiti cha wageni, akaniletea maji kwa sahani, akaniuliza kama nitakaa sana.

Subiri, sijamaliza. Baada ya mechi nilimfuata kinyozi. Nikajisemea, kosa moja nimeshalikiri, nikiri na la pili. Nikampa mkono, safari hii wote, nikamwambia mbele ya watu, “Baba, siku ile ya timu ya stendi nilikuonea. Mpira wa kurusha hauna kuotea, ulikuwa sahihi kukiacha kibendera chini. Nisamehe.” Akanisamehe, machozi yakamlenga. Kisha akanisogelea sikioni akasema, “Mama, kwa kuwa umekuwa mkweli, na mimi niseme. Siku ile hata sikuuona mpira. Nilikuwa nimegeuka namtazama dada anayeuza karanga. Sikuinua kwa sababu sikujua kumetokea nini.”

Mwanangu! Kozi miezi yote ile! Madawati yale! Mbwa wale! Sasa nakuuliza wewe mwenye kitabu: mwamuzi anaruhusiwa kubadilisha uamuzi wake kabla mchezo haujaanza tena. Je, na samahani naweza kuirudisha?

Jumapili nilirudi kwenye kiti changu. Tumefunga msimu kwa sare, kipa alinisikia. Kinyozi alikosea mara moja upande wetu, watu wote wakanigeukia kungoja. Nilikalia mikono yangu. Iliniuma kuliko jino.

Na wewe je? Mkufunzi wangu anawajua marefa wote mpaka huko kwako. Mwezi wa tatu nilipomringia, aliniambia habari zako. Nilinyamaza nione utasema lini. Ukanipa mvua, ukanipa jua, ukanipa rangi ya kijani. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema.

Shangazi yako, Mwamuzi

12 Julai

Shangazi Mwamuzi,

Shikamoo mara mbili, ya ukubwa na ya beji.

Barua yako, nilipofika pale uliposema neno lile la samahani nilirudi juu nikaanza upya. Kisha nikaenda kumsomea mama mwenye nyumba, ili nipate shahidi. Naye akamwita jirani.

Swali lako la samahani nimelitafuta kitabuni. Ulimpa mkono mzima, mbele ya watu, naye akaupokea. Hapo mchezo umeshaanza tena. Hairudi. Mpeleke mjomba akanyolewe kwake, yaishe.

Haya, na yangu. Sijachezesha mechi tangu mwaka juzi. Mbio za mtihani wa kila mwaka zimenishinda, mara ya kwanza na ya pili, na nyama hizi za mwilini ndizo zilizoizuia ile picha, si mvua. Mara zote mbili niliondoka uwanjani nimenuna, nikamwambia kila mtu kwamba mkufunzi wa huku ana saa mbovu. Niliwaambia stoo, nikamwambia baba, na wewe ningekuambia kama ungenibana mapema. Jana nilimfuata mkufunzi nyumbani kwake kuomba jina langu liandikwe tena, akanitazama akaniuliza, “Na saa yangu je?”

Nikamwambia saa ilikuwa nzima, Shangazi. Na sikufa.

Mwanao, Kijiti